Shajara ya masta ya takwimu nikiwa Kigoma: kozi, madaftari ya mwalo na dagaa wa Kibirizi

Agosti 2023: kabla ya kuanza

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Kigoma mjini, nimepata nafasi ya kusoma masta ya takwimu kwenye chuo kimoja kipo jijini Dar, mfumo wao ni mchanganyiko, vipindi vingi vinasomwa mtandaoni jioni na wikendi alafu kuna wiki za kwenda chuoni kwa ajili ya maabara na mitihani. Nimeamua niwe naandika kila hatua ikiisha kwa sababu nilipotafuta mtu wa huku kwetu au hata Tabora aliyesoma takwimu huku yupo kazini anielekeze sikumpata, wengi wanahamia Dar moja kwa moja. Atakayekuja nyuma yangu asome hapa achukue kinachomfaa.

Digrii yangu ni ya ualimu, kalkulasi na matriksi nilizisoma miaka mingi iliyopita, kwahiyo likizo yote nimerudia intigresheni, matriksi na nadharia ya uwezekano. Ushauri wangu kwa anayejiandaa, achana na vitabu vya takwimu za mwanzo vya kuchora histogramu na kutafuta wastani, izo utazifanya tu. Kaa na intigresheni za vigeuzi viwili, kugeuza matriksi na mfululizo wa Taylor, hapo ndo kozi ya kwanza inapoanzia bila hata kukusalimia.

3 Februari 2024: muhula wa kwanza umeisha

Kozi zilikuwa uwezekano, inferensia (kukisia ukweli wa kundi zima kutokana na sampuli), rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na vingine) na usampulishaji, zote nimepita hamna sapu. Usampulishaji na rigresheni sina la kusema, ukifanya asaimenti zote unaelewa. Inferensia ndo ilitusumbua watu wengi.

Shida yenyewe ni kwamba nukuu za mwalimu zinakwenda uthibitisho baada ya uthibitisho, unaufuata mstari kwa mstari unaona umeelewa alafu swali likigeuzwa kidogo hamna kitu. Kikundi chetu tulijaribu kukariri, kosiweki ya kwanza ikaturudisha chini. Kilichotutoa ni kuacha karatasi pembeni na kufanya simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, kwa programu ya takwimu inayoitwa R. Mfano nadharia inasema kadirio fulani la variansi (kipimo cha data zinavyotawanyika) lina upendeleo, yaani linakosea upande ule ule kila mara, wewe tengeneza data bandia ambayo variansi yake unaijua, chukua sampuli ndogo, kadiria, rudia mara elfu kumi, kisha angalia wastani wa makadirio yako umeangukia wapi. Ukishaona kwa macho kwamba kugawanya kwa n, yaani ukubwa wa sampuli, kunakupa jibu dogo kuliko ukweli na kugawanya kwa n kutoa moja kunarudisha sawa, ule uthibitisho unausoma kama habari unayoijua tayari. Tangu hapo kila nadharia tunaifanyia simulesheni kwanza.

R ni bure, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Ni bure ila bando si bure. Ukiinstoo pakeji moja (nyongeza ya programu) inavuta pakeji nyingine kumi nyuma yake, mtandao ukikata katikati unaanza upya na bando limeshaliwa. Dawa yake ni hii, mwenzako mwenye toleo lile lile la R na windozi kama yako akunakilie folda yake yote ya pakeji kwenye flashi, unaibandika kwako inafanya kazi. Wiki ile ya chuoni nilirudi na flashi imejaa na mpaka leo sijahangaika tena.

Gharama mpaka sasa ukiacha ada: laptopu ya mtumba ya RAM 8 laki sita na nusu (RAM 4 usinunue, utajuta kwenye modeli), bando kama elfu arobaini kwa mwezi, na safari ya Dar kwenda na kurudi kwa basi ukitia na kula njiani tenga laki mbili na nusu. Treni ni nafuu zaidi ila ni karibu siku mbili, kwa mtu aliyeomba ruhusa kazini zile siku zinauma.

25 Mei 2024: andiko limepita, ziwa limefungwa

Mada yangu ni dagaa wanaoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi, nataka kujua mbalamwezi inaeleza kiasi gani cha kupanda na kushuka kwa mavuno ya kila usiku. Kila mtu wa Kigoma anajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti vizuri kwahiyo wavuvi wanapumzika. Hilo halihitaji masta kulijua. Ninachotaka ni kipimo, yaani usiku wa giza na usiku wa mwezi vinatofautiana kwa kiasi gani ukishatoa msimu na ukishatoa tofauti ya mtumbwi na mtumbwi.

Ratiba iliyopitishwa ilikuwa nikusanye data mwenyewe Juni mpaka Agosti, maana Juni shule zinafunga. Sasa serikali imesimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, ni makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Nimekwenda Kibirizi juzi, mitumbwi imepandishwa mchangani, chanja za kuanikia ziko tupu. Hatua yenyewe naiunga mkono, wazee wa hapa wanasimulia dagaa walivyokuwa zamani na walivyo leo, lakini ratiba yangu imekufa.

Nimempigia supavaiza, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwalimu, kabla hujabadilisha mada nenda kaulize kama kuna mtu pale alikuwa anaandika." Kumbe yupo. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, wenyewe wanakiita BMU, kina katibu na katibu ana madaftari ya 2022 na 2023 yote.

Kwa anayetaka kupita njia hii, barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Manispaa, inafika kwa afisa uvuvi, ndo unaenda BMU. Hakikisha barua yako imetaja neno kwa neno kwamba utanakili kumbukumbu za maandishi. Ya kwangu ilisema kuhoji wavuvi tu, ikabidi izunguke upya toka juu.

20 Julai 2024: madaftari

Hapa nitaandika kwa kirefu kwa sababu ndo sehemu ambayo hamna kozi iliyotufundisha.

Daftari la katibu ni kaunta buku ya kawaida, kila ukurasa ni usiku mmoja, kushoto jina la mtumbwi kulia idadi ya mabeseni. Nimeweka vijana wawili wa kuingiza data, elfu kumi kwa siku kila mmoja na chakula cha mchana, na kila ukurasa umeingizwa na wote wawili kila mtu kivyake alafu R inalinganisha. Usiache hii hatua, mkono wa katibu 1 na 7 zinafanana sana na ingetugharimu.

Tatizo la kwanza ni majina. Mtumbwi mmoja unaandikwa kwa jina la tajiri, wiki nyingine kwa jina la nahodha, ukipakwa rangi mpya unapewa jina jingine kabisa. Kwenye modeli yangu kila mtumbwi ni kundi lake kwahiyo mtumbwi mmoja ukiwa na majina matatu umeharibu kila kitu. Nilijaribu kuyaoanisha kwa kompyuta kwa kufananisha herufi, haikusaidia, jina la tajiri na jina la nahodha hazina herufi inayofanana. Mwisho nimekaa na katibu kwenye benchi na orodha nzima tukapitia moja moja, "huu ni ule wa fulani, huu uliuzwa, huu nao ulizama." Kila mtumbwi nikaupa namba na majina nikayafuta kwenye faili la kazi, na hili niliwaahidi wavuvi mapema kwa sababu hofu yao ya kwanza ilikuwa hizi takwimu zitageuka ushuru.

Tatizo la pili ndo kubwa zaidi. Sehemu ya idadi mara nyingine kuna 0, mara nyingine kuna kistari, mara nyingine pako wazi. Vijana walikuwa wanaingiza zote kama sifuri, na kusema kweli ndo maelekezo yaliyoko kwenye fomu nyingi nilizowahi kuziona. Nikamuuliza katibu. Akasema, "Mwalimu, sifuri ni walienda wakarudi mikono mitupu. Kistari hawakuingia ziwani. Hapo wazi ni mimi sikuwepo."

Yaani ni vitu vitatu tofauti kabisa. Sifuri ni habari kuhusu dagaa, kistari ni habari kuhusu wavuvi, nafasi wazi ni habari kuhusu katibu. Tumerudi kuingiza upya madaftari yote kwa alama tatu tofauti, na pesa ya vijana imeongezeka karibu nusu ya ile ya mwanzo. Naomba mtu yeyote anayefanya kazi na data za madaftari, iwe mwalo, zahanati au ghala la tumbaku huko Tabora, amtafute mwandishi wa daftari akiwa bado yupo amuulize kila alama aliyoweka ina maana gani. Ukichelewa akahama, ile maana imekwenda naye.

8 Septemba 2024: ziwa limefunguliwa, beseni ni kilo ngapi

Ziwa limefunguliwa 15 Agosti. Watu mjini walitegemea siku za kwanza dagaa wajae mpaka pa kuanika pakosekane, na ilipokuwa sivyo maneno yakaanza kwamba kufunga hakujasaidia. Angalieni kalenda jamani. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19 Agosti, yaani ziwa limefunguliwa mwezi ukiwa unakaribia kujaa kabisa, zile ni siku ambazo kwa kawaida dagaa ni wachache hata ziwa lisipofungwa. Giza lenyewe limekuja mwanzoni mwa Septemba. Ukilinganisha wiki ya kufunguliwa na wiki yoyote ile bila kuangalia mwezi unapima mwezi, hupimi kufungwa kwa ziwa. Na mimi kwenye tasnifu sitasema chochote kama kufunga kumeongeza dagaa au hapana, data ya mwaka mmoja na mwalo mmoja haiwezi kulibeba hilo swali.

Kipindi hiki kazi yangu ilikuwa mizani. Nafika mwaloni alfajiri kabla ya vipindi, mizani ya saa ya kuning'iniza nimenunua elfu sitini, mabeseni yale makubwa ya plastiki napima yanaposhushwa. Nilichotaka ni wastani tu wa kilo kwa beseni ili nibadilishe madaftari ya zamani kuwa kilo. Lakini kuna kitu kimejitokeza. Dagaa wakiwa wengi beseni linapandishwa mlima, yaani linajazwa mpaka dagaa wanaanza kuteleza pembeni na muuzaji anaongeza kiganja cha juu ili mteja asiende kwa jirani. Dagaa wakiadimika beseni linasawazishwa kwa mkono, ukidai nyongeza unaambiwa kanunue pengine. Kwahiyo beseni lenyewe linakuwa kubwa usiku wa neema na dogo usiku wa njaa, kipimo kinatembea pamoja na kitu unachokipima, na ukitumia kilo moja kwa mabeseni yote unapunguza tofauti ya giza na mbalamwezi bila kujua.

Kwenye daftari la zamani hamna palipoandikwa mlima au sawa. Nilichofanya ni kubaki na idadi ya mabeseni kama kitu kikuu cha kuchambua, alafu kilo nazifanya kwa pembeni kwa njia mbili, ya kwanza kama mabeseni yote yalisawazishwa, ya pili kama yale ya usiku wa giza yote yalikuwa na mlima. Ukweli uko katikati na msomaji anaona mipaka yake.

17 Novemba 2024: modeli

Idadi ya mabeseni ni namba kamili kwahiyo nilianza na Poisson, modeli ya vitu vinavyohesabika, kama kitabu kinavyosema. Poisson inadai variansi ilingane na wastani. Namna ya kukagua ni rahisi, chukua kai-skweya ya Pearson gawanya kwa digrii huru zilizobaki (idadi ya data ukitoa idadi ya parameta), ikikaribia 1 uko salama. Yangu ilikuwa mbali sana na 1. Maana yake makosa sanifu (kipimo cha kadirio linavyoweza kuyumba) yanayotoka ni madogo kuliko haki yake, kila kigeuzi kinaonekana ni muhimu hata kisicho muhimu. Nikahamia binomiali hasi, ambayo ina parameta moja ya ziada ya kubeba huo mtawanyiko.

Kabla hatujarudia kuingiza data nilikuwa nimeshajaribu modeli ya sifuri zilizozidi, ile ya Diane Lambert ya mwaka 1992, kwa sababu sifuri zilikuwa nyingi kupita kiasi. Ilikubali, grafu zikapendeza, nikaona nimefika. Baada ya kutenganisha vile vistari sifuri nyingi zikayeyuka, maana nyingi zilikuwa usiku ambao mtu hakuingia ziwani kabisa, na binomiali hasi ya kawaida ikatosha yenyewe bila lile pambo. Swali likagawanyika mara mbili, kwanza je mtumbwi uliingia ziwani, hiyo ni rigresheni ya lojistiki, pili ukiwa umeingia umerudi na mabeseni mangapi, hiyo ni binomiali hasi. Mbalamwezi ipo kwenye yote mawili na uzito wake unatofautiana sana, sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita dagaa kupotea ni wavuvi kubaki nyumbani.

Kuuweka mwezi kwenye modeli nako kuna namna yake. Nilianza na siku ya mwezi kama namba 1 mpaka 29, haifai, kwa sababu modeli inaona siku ya 29 na siku ya 1 ziko mbali sana wakati ni majirani na zote ni giza. Tumia saini na kosaini zenye mzunguko wa siku 29.53, vigeuzi viwili tu, duara linafunga lenyewe na unapata kilele kinaangukia siku gani.

Nahodha na taa vinatofautiana kwahiyo kila mtumbwi nimeupa kianzio chake cha nasibu, yaani kiwango chake mwenyewe cha kuanzia, kwenye pakeji ya R iitwayo glmmTMB. Nilipojaribu kuupa kila mtumbwi na mteremko wake wa mwezi pia, yaani namna yake ya kuathiriwa na mwezi, modeli ikagoma kutulia, onyo juu ya onyo. Nikabadilisha opitimaiza, ile njia ya kompyuta ya kutafuta jibu, hola. Nikasanifisha vigeuzi, nafuu kidogo. Mwisho nikapunguza mteremko nikabaki na kianzio peke yake, mitumbwi yenye usiku wachache haina habari ya kutosha kulisha parameta zote zile.

2 Machi 2025: nafasi zilizo wazi

Nilikuwa nimeziacha nafasi wazi zitolewe tu. Supavaiza akauliza katibu huwa hayupo lini. Nikasema misiba, kuumwa, vitu vya kawaida. Akasema sawa, ila kamuulize tena.

Nimerudi kwa katibu. Akafikiri akasema ukweli ni kwamba siku nyingine alikuwepo ila dagaa walikuwa wengi mno, watu wamejaa, yeye mwenyewe anasaidia kushusha, kuandika kunashindikana. Nilikaa kimya. Donald Rubin mwaka 1976 aligawa data zilizokosekana kwa kuangalia sababu ya kukosekana kwake, na hii ya kwangu ndo ile mbaya kuliko zote, imekosekana kwa sababu ya ukubwa wake yenyewe. Nikizitoa natoa usiku bora kabisa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwanikaji. Anachukua mabeseni kwa mkopo analipa dagaa wakikauka, kwahiyo ana daftari lake la madeni la miaka yote ile, safi kuliko yote niliyoyaona. Nilimwomba, "Shikamoo mama, naomba nione tarehe na idadi tu, majina uyafunike." Akayafunika kwa khanga akaniacha ninakili. Mabeseni aliyochukua yeye yanapanda na kushuka pamoja na mwalo mzima, kwahiyo nimeyatumia kama kigeuzi cha msaada kwenye kujaza nafasi kwa pakeji ya mice, seti nyingi za data zilizojazwa, kila moja inachambuliwa alafu matokeo yanaunganishwa. Juu ya hapo nikapandisha makisio ya nafasi wazi hatua kwa hatua nione hitimisho linavunjika wapi. Tofauti ya giza na mbalamwezi ilizidi kukua, mwelekeo haukugeuka hata mara moja. Nilimpelekea mama doti ya khanga, hiyo iko kwenye bajeti kwa haki yake.

14 Juni 2025: tasnifu imekwenda kwa mtahini wa nje

Kuandika hakuna jipya la kusema. Uchapishaji na jalada gumu laki moja na themanini, uhariri wa lugha laki mbili. Jumla ya utafiti peke yake bila ada wala nauli imefika kama milioni moja na laki nane, na kitu kilichokula zaidi ni kuingiza data mara mbili.

28 Septemba 2025: daftari jipya

Nimetetea, nimepewa marekebisho madogo, nimeyarudisha. Kwa makubaliano na BMU tumechapisha daftari jipya la mwalo lenye safu yake kwa kila kitu: mtumbwi kwa namba, ameingia au hajaingia, mabeseni, mlima au sawa, upepo, na kibox cha katibu kutia alama kama ameshindwa kuandika na sababu. Safu ya kuingia inajazwa vizuri mpaka raha. Mlima au sawa wanaijaza ila siku za neema wanasahau, kwahiyo kijana wa mizani ndo ameachiwa hiyo. Safu ya upepo imeshindikana, kila usiku imeandikwa kawaida. Nahodha mmoja ameshauri tuandike upepo ulitoka wapi badala ya nguvu yake, maana hilo kila mvuvi analikumbuka hata akiwa amelala kidogo. Toleo la Novemba litachapishwa hivyo.